Ua wa Mibono wa Engaruka

Arusha hadi Mto wa Mbu ni lami, sina la kusimulia. Mambo yalianza tulipokunja kulia kuifuata njia ya Selela kwenda Engaruka. Noah ya watu saba ilitubeba kumi na wawili, na gunia la mchele likalala juu ya magoti yangu. Hatujafika mbali, tairi la nyuma likapiga pancha. Tukashuka kungoja juani, vumbi mpaka kwenye kope.

Mimi nilikuwa naufuata mbono, yaani jatropha, mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya injini. Wenye umri wangu watakumbuka 2008, pipa la mafuta lilipopita dola 140, kila mtu akawa mtaalamu wa nishati mimea: mti unapandwa mara moja, unadumu miaka na miaka, unavumilia ukame, na theluthi hivi ya uzito wa mbegu ni mafuta. Desemba ile Air New Zealand ikarusha Boeing 747 ya majaribio, injini moja ikinywa nusu mafuta ya mbono, na sehemu ya mbegu ilitoka huku kwetu Tanzania, Malawi na Msumbiji. Na mimi nikawa na heka zangu mbili, za kichwani.

Engaruka sikukuta shamba la mbono. Nilikuta ua. Mashamba ya mahindi na maharage, yanayonyweshwa kwa mifereji, yamezungushiwa mibono iliyosongamana, mirefu kunipita. Ng'ombe wanapita wakiigusa kwa mbavu, jani hawalitii mdomoni.

Mama mmoja wa Kimaasai alikuwa anachuma.

"Yeyo, takwenya," nikamwamkia kwa Kimaasai; yeyo ni mama.

"Iko."

Nilipomweleza kilichonileta, akanivutia tawi. Lilikuwa na maua, matunda mabichi, mengine ya njano, mengine yamekauka meusi, yote kwenye tawi hilohilo.

"Huu hauvunwi kama mahindi, mwanangu. Unachagua moja moja. Kesho unarudi palepale."

Akapasua tunda kavu kwa ukucha: mbegu tatu. Na mashine za kukamua za vijijini hutaka kilo nne hadi tano kwa lita moja! Nikapiga hesabu kimyakimya. Heka zangu zingemaliza ukoo mzima kwa kuchuma, halafu tununue dizeli ya kupeleka mbegu mjini. Hata sifa ya ukame niliielewa upya: ardhi kavu mbono haufi, ila kuzaa ni habari nyingine. Hapa unazaa kwa sababu unaiba maji ya mahindi.

"Wanunuzi je?"

"Walikuja na mizani yao, wakaondoka nayo. Sasa nauzia wapika sabuni."

Mjukuu wake, kachoka na maswali yangu, akavunja kikonyo cha jani, akakunja unyasi kuwa pete, akauchovya kwenye utomvu na kupuliza. Povu kubwa likaelea. Nikaomba na mimi nijaribu; langu likapasukia kwenye shati jeupe.

Yeyo alicheka mpaka akaweka kikapu chini. "Hilo doa halitoki."

Nimeshalifua mara nne.