Tulivyoiokoa nyumba ya bibi Lamu, sisi tukiwa Nairobi

Nyumba aliyotuachia bibi iko Mkomani, Lamu, nasi warithi karibu sote tunaishi Nairobi. Dari ya chumba cha ndani ilipoanza kunepa, wengi walitaka boriti zing'olewe, imwagwe zege na kuta zipigwe saruji. Nilipinga, lakini familia haishawishiki kwa uchungu wa mtu mmoja. Ilinibidi nilete hoja.

Nilimpigia fundi mzee wa hukohuko, na alichonieleza nikakirudia kikaoni South C mpaka kikaingia. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe, hazikosi unyevu wala chumvi. Chokaa huuacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, chumvi ikalila jiwe, mwishowe plasta inabanduka pamoja na zile zidaka, vishubaka vya ukutani vilivyonakshiwa kwa mkono. Tungelipia kazi ileile mara mbili, na zidaka hazirudi.

Kaka yangu mkubwa akauliza, "Na boriti, mdogo wangu? Si mikoko hiyohiyo tunayoambiwa tuihifadhi?"

Swali la haki kabisa. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji kwa muda, watu wengi wakakosa riziki. Nilimjibu kuwa boriti isiyovujiwa hudumu vizazi, na kwamba mkataji anayefuata sheria akikosa wanunuzi, msitu utabaki kwa wezi. Tukakubaliana: boriti nzima haiguswi, iliyooza tu ndiyo inabadilishwa, na muuzaji aoneshe kibali cha misitu.

Ruhusa ya ukarabati hupitia Makumbusho ya Taifa, maana Mji wa Kale wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001. Binamu yangu aliye Lamu alipeleka picha na michoro.

Pesa ndiyo niliyoihofia zaidi, kumbe chokaa yenyewe ilitusaidia. Hupakwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lisubiriwe likauke, hivyo mchango wetu wa kila mwezi kwa M-Pesa ulikwenda sambamba na kazi. Shangazi ndiye mweka hazina, na halipi mpaka aone picha. Chumba cha ndani kimekamilika, zidaka zote zimesimama. Mvua zikiisha tunaanza daka, yaani ukumbi wa mlangoni, na nimeshamwambia fundi atafute mapema boriti zenye kibali.