Shambulio la Addu

Kaka yangu yuko Maskati, mimi niko Mombasa, na kuna kipindi ambacho kilichotukutanisha zaidi ilikuwa vita. Tulikuwa tukicheza kwa barua pepe War in the Pacific: Admiral's Edition, mchezo wa kompyuta uliotoka 2009, unaohusu Vita vya Pili vya Dunia. Yeye Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao, mimi Japani. Zamu moja ni siku moja ya vita, na ramani imegawanywa vijumba vya pembe sita, kila kimoja upana wa maili 40 za baharini. Unaweka amri zako, unafunga faili kwa neno la siri, unamtumia mwenzako.

Tulipofika Machi 1942, Java ilikuwa mikononi mwangu na meli zangu za kubeba ndege zimetia nanga Kendari, Sulawesi. Ni eneo lile lile alikotoka Admirali Nagumo wa Japani, katika vita vya kweli, tarehe 26 Machi mwaka huo kwenda kuipiga Ceylon, Sri Lanka ya leo. Nagumo alionwa. Tarehe 4 Aprili rubani wa Kanada, Leonard Birchall, alikiona kikosi chake kutoka kwenye ndege ya doria aina ya Catalina, akawahi kupeleka habari kwa redio kabla hajaangushwa. Kesho yake, Jumapili ya Pasaka, Colombo ikashambuliwa, na Waingereza wakapoteza manowari Cornwall na Dorsetshire, kisha Hermes, meli ya kubeba ndege, tarehe 9. Lakini kikosi kikuu cha Admirali Somerville wa Uingereza, kilichokuwa na kituo cha siri kwenye visiwa vya Addu, kusini kabisa mwa Maldivi, Nagumo hakukipata. Baadaye manowari kongwe za Somerville zilihamishiwa Kilindini, bandari ya Mombasa. Mimi ni mtoto wa Likoni. Maji yale nimeyavuka kwa feri tangu utotoni, na habari hiyo haijawahi kuwa ya mbali kwangu.

Kaka anaijua historia hii kunishinda. Nikawaza: huyu hataziacha meli zake Colombo zinisubiri. Ataziweka Addu. Basi nami nisiende Colombo.

Nilichukua karatasi nikachora duara kuzunguka kila mahali ambapo Catalina zake zingeweza kuruka: Colombo na Trincomalee huko Ceylon, na visiwa vya Cocos na Diego Garcia katikati ya Bahari ya Hindi. Palibaki upenyo mwembamba. Nitoke kwa mlango wa bahari wa Ombai, karibu na Timor, niteremke kusini kabisa, nipite chini ya Cocos, kisha nipande kaskazini-magharibi nikiiacha Diego Garcia upande wa kushoto. Njia ndefu mno, na hapo ndipo mpango mzima ulipotaka kufia, kwa sababu ya mafuta. Meli kubwa zina matangi ya kutosha. Destroya, manowari ndogo za kusindikiza, ndizo zinazokauka, na zikikimbizwa kwa kasi zinakauka haraka zaidi. Ilinibidi meli za mafuta nizitangulize mapema, polepole, zikangoje kusini mwa Cocos mahali ambapo hapana sababu ya mtu kutazama. Kama zingeonwa, kaka angejua papo hapo. Meli ya mafuta katikati ya bahari tupu haina maelezo mengine.

Bado lilikuwepo suala la masikio. Katika mchezo huu Washirika hupewa taarifa za redio zilizonaswa, na kikosi cha nchi kavu kikianza kujiandaa kwa shabaha fulani, jina la shabaha hiyo huweza kuvuja. Kwa Addu sikuandaa askari hata mmoja. Ili kumpoteza, nikaviandaa vikosi kwa ajili ya Port Moresby, mbali mashariki huko New Guinea, nikakusanya meli za uchukuzi Rabaul, bandari ya jirani, nikaacha redio ziseme.

Alinipigia simu jioni moja. Tukaongea habari za mama, za harusi ya mpwa wetu, kisha akasema, "Naona Moresby umeikazia macho, mdogo wangu." Nikamwambia tutaona. Kumficha ndugu unayeongea naye kila wiki ni kazi nzito kuliko kuwaficha maadui wa kwenye vitabu.

Destroya zilijazwa mafuta baharini bila kuonwa. Kikosi kikapanda kaskazini usiku.

Asubuhi ya shambulio, mvua ilikuwa imeifunika Addu. Ndege zangu hazikupata kitu, nami nikaona wazi kwamba Catalina moja tu ikipita, kazi yote imekwisha. Mchana mawingu yakafunguka. Formidable, meli yake ya kubeba ndege, ilizama palepale ilipotia nanga, na manowari Revenge ikawaka moto. Warspite, manowari yake nyingine kubwa, haikuwepo, na hilo bado linaniuma.

Simu ililia muda si mrefu baada ya kumtumia faili.

"Wewe, umepita wapi?"

"Nitakueleza vita vikiisha, kaka."

Akasema zilizosalia anazirudisha Afrika, na kwamba sitaziona tena mpaka yeye atake. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya mafuta ya kurudi Singapore.