Goti linalia, mikono iko nyongani

Saa kumi na mbili asubuhi niko ndani ya matatu, Thika Road imeshaanza kukwama. Abiria aliye kando yangu ananyoosha mguu kwenye ujia kila baada ya muda na kusugua goti. Kazi yangu ni fizio, kutibu misuli na viungo kwa mikono na mazoezi, siwezi kutoangalia. Nanyamaza hata hivyo, maana ukijitaja tu, matatu nzima inageuka kliniki.

Saa mbili nafungua mlango wetu, barabara ya Ngong. Wa kwanza ni mama anayeuza mitumba Gikomba. Goti la kulia linamchoma mbele, chini ya pia ya goti, hasa akishuka ngazi au akiinuka baada ya kukaa sana. Amekuja na picha ya eksirei. Mifupa iko sawa. Namwambia asimame kwa mguu wa kulia peke yake. Kiuno upande wa kushoto kinashuka, na goti la kulia linaingia ndani. Trendelenburg, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, alieleza kushuka huko kwa kiuno mwaka 1895, na hadi leo ni kipimo kisichohitaji hata shilingi moja.

Namlaza kwa ubavu, nabonyeza msuli wa juu ya kalio, chini kidogo ya ukingo wa mfupa wa nyonga.

"Ayaya! Daktari, goti ndilo linauma, mbona unanishika kiuno?"

"Huu msuli ndio unaoshikilia paja lisianguke ndani ukikanyaga, mama. Ukichoka, goti ndilo linalolipa."

Nashikilia pale pale bila kusugua, dakika nzima hivi, mpaka nyama ianze kulegea chini ya kidole gumba. Kisha nahamia mbele, pembeni mwa nyonga, kwenye msuli mdogo unaovuta ule ukanda wa nje ya paja unaoshuka hadi kwenye mfupa wa muundi, chini ya goti. Wengi huuchua ukanda wenyewe kwa mafuta na nguvu zote. Kazi bure: ule ni mgumu kama mkanda wa usalama wa gari, hauvutiki kwa mikono. Heri ushughulike na misuli inayoushikilia.

Nampandisha kwenye kingazi. Anashuka. Maumivu aliyoyapa 6 kati ya 10 sasa anayapa 3, na anataka kulipa aende zake. Hapo ndipo ninapokuwa mkali. Mikono yangu imetuliza neva kwa muda tu, haijautia msuli nguvu. Nguvu zinatoka kwenye mazoezi: alale ubavu, ainue mguu wa juu kisigino kikirudi nyuma kidogo, polepole, siku nyingi za wiki, kwa miezi. Anacheka: "Na nguo nitauza saa ngapi?" Tunakubaliana afanye kabla ya kuondoka nyumbani.

Saa nne na nusu, mvulana wa miaka 13, mnene kiasi, analetwa na mamake. Goti la kushoto limemuuma kwa wiki kadhaa, na nyumbani amekuwa akichuliwa. Anachechemea, unyayo umeelekea nje. Goti nikilipima, halina kitu. Nainua paja kuelekea tumboni: linageuka nje lenyewe. Naondoa mikono. Kwa umri huu, kichwa cha fupa la paja huweza kuteleza kwenye sehemu yake ya ukuaji, na maumivu yakasikika gotini tu. Huyu hachuliwi, hanyooshwi, hata hatua moja hakanyagi. Namweka kwenye kiti cha magurudumu, naandika barua ya picha za nyonga zote mbili na daktari wa mifupa, leo hii.

"Lakini goti ndilo linamuuma," mamake anasema.

"Najua, mama. Nendeni sasa hivi."

Chapati na madondo, nimesimama.

Saa nane, dereva wa matatu, goti la mguu wa klachi. Anataka sindano. Namlaza kifudifudi, nakunja goti: kisigino kiko mbali na kalio. Msuli wa mbele ya paja unavuka nyonga na goti pia, na yeye hushinda amekaa, kwa hiyo umekaza. Anasukuma mkono wangu sekunde kama 10, analegeza, nakunja zaidi. Tunarudia. Kisigino kinasogea, sindano inasahaulika.

Saa kumi, mzee ambaye gegedu za goti lake zimesagika kweli. Hapa sidai nyonga ndiyo chanzo, ila ikiimarishwa humpunguzia maumivu. Nahamisha bakora yake iende mkono wa upande usiouma. Anaguna, anatembea, anaguna tena kwa furaha.

Jioni naandika faili na kuwatumia wagonjwa video za mazoezi kwa WhatsApp. Ujumbe wa mamake yule kijana unaingia: nyonga imeteleza, amelazwa, kesho anawekewa skrubu. Namjibu awaulize madaktari kuhusu nyonga ya pili pia, kwani ikiteleza moja, ya pili huwa hatarini.