Shati moja, nakala kumi na mbili: hesabu ya mavazi ya filamu na jukwaa

Shati ambalo mtazamaji analiona moja kwenye skrini, kwenye chumba cha mavazi mara nyingi ni mashati 6, 8 au hata 12 yaliyotundikwa kwa mstari. Kuna jipya, kuna lililofifia mabegani, kuna yenye damu mbichi na yenye damu iliyokauka, na kuna yaliyoshonwa kwa kipimo kikubwa zaidi kwa ajili ya mtu mwingine kabisa. Wanaoanza ubunifu wa mavazi hufundishwa kuchora na kushona, na wengi hufanya hivyo vizuri sana. Hesabu ya nakala ndiyo huwaangusha, tena katikati ya upigaji picha, wakati hakuna tena muda wala kitambaa.

Hesabu huanzia kwenye mswada. Usome angalau mara 3. Mara ya kwanza soma bila kalamu, uielewe hadithi. Mara ya pili gawa hadithi kwa siku: maonyesho, yaani vipande vya hadithi vilivyopewa namba kwenye mswada, ya 1 hadi 9 ni siku ya kwanza ya hadithi, la 10 hadi la 14 ni siku ya pili, na kuendelea, kwa sababu mtu hubadili nguo siku inapobadilika. Mara ya tatu winda maneno yanayogusa nguo. Mvua, matope, damu, moto, kuanguka na kuchanika huonekana kirahisi. Yanayosahaulika ni madogo: mhusika anakula supu, anambeba mtoto mwenye machozi, analala bila kuvua shati. Kila neno la aina hiyo ni hali mpya ya vazi, na kila hali inahitaji nakala zake.

Sababu ni kwamba filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Maonyesho yote ya nyumba moja hupigwa pamoja, hata kama la kwanza liko mwanzo wa filamu na la mwisho liko karibu na kikomo. Onyesho la shati lililochanika linaweza kupigwa Jumatatu, na lile ambamo shati hilo hilo ni jipya likapigwa Alhamisi. Ukiwa na shati moja tu, Alhamisi huna kitu.

Chukua mfano wa mhusika anayepigwa risasi. Kabla ya kupigwa unahitaji nakala 2, ya kuvaa na ya akiba. Kwa tukio lenyewe muulize mwongozaji anatarajia kurudia mara ngapi. Akisema 4, basi ni nakala 4, kwa maana kila urudiaji unaanza na shati kavu na safi. Mwigizaji mbadala anayeanguka badala yake apewe 3. Baada ya tukio, damu ikiwa imekauka, 2. Ongeza 1 la kujaribia damu ya bandia kabla ya siku yenyewe. Jumla ni 12. Lile la majaribio wengi hulifuta ili kubana matumizi, nami nalitetea kila mara: damu ya bandia hubadilika rangi kulingana na kitambaa, huweza kuonekana ya waridi kwenye pamba nyeupe na kupotea kabisa kwenye kitambaa cheusi.

Nakala zote zinunuliwe kwa mkupuo mmoja. Kitambaa kile kile kutoka kiwanda kile kile kinaweza kutofautiana rangi kati ya toleo moja na jingine, na kamera huiona tofauti hiyo hata pale jicho la dukani halikuiona. Ndiyo maana nguo kuukuu nzuri iliyopatikana moja tu ni hatari kwa mhusika mwenye mapigano. Ukiipenda mno, inunue uitumie kama kielelezo, kisha ushone nyingine kwa kuiiga.

Nakala za mwigizaji mbadala zinataka kipimo chake mwenyewe. Huvaa pedi za magoti, viwiko na mgongo chini ya nguo, na pengine mkanda wa kumning'iniza kwenye waya. Mpime akiwa amevaa vitu hivyo vyote. Suruali huongezwa upana magotini na makalioni, na matundu ya waya hupitishwa kwenye mshono na kuimarishwa kwa kitambaa kigumu upande wa ndani.

Kabla hujakata kitu chochote, fikiria kamera. Nyeupe halisi huwaka: kamera ikipimiwa shati, uso hubaki gizani, na tatizo huwa kubwa zaidi kwa mwigizaji mwenye ngozi nyeusi sana. Kwa hiyo mashati meupe huchovywa kidogo kwenye rangi hafifu ya kijivu au ya maziwa, na kwenye skrini bado yanasomeka kuwa meupe. Mistari myembamba iliyobanana na miraba midogo hucheza kwenye kamera za dijitali, inatetemeka kama maji. Kijani kisivaliwe mbele ya pazia la kijani, lile ambalo kompyuta hulibadilisha kuwa mandhari nyingine. Tafeta, yaani kitambaa kigumu kinachong'aa, na nguo zenye wanga mwingi hukwaruza maikrofoni iliyofichwa kifuani, basi mpelekee fundi sauti kipande cha kitambaa mapema, akikunjekunje karibu na maikrofoni asikie mwenyewe.

Sasa kuchakaza, yaani kuifanya nguo mpya ionekane imevaliwa siku nyingi, sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka.

Nguo huchakaa panapoguswa, panapokunjwa na panapopigwa jua. Ukosi huchakaa kwa ndani, kwenye shingo, kabla ya nje. Mfuko huchakaa ukingoni, mkono unapoingilia. Suruali huchakaa magotini, makalioni, na kwenye pindo la nyuma linalokanyagwa na kisigino. Mabega na mgongo wa juu hufifia kwa jua, ilhali chini ya kwapa na chini ya kifuniko cha mfuko rangi hubaki ya awali. Mhusika naye ana kazi yake: anayebeba mizigo begani huchakaza bega moja, anayeandika mezani huchakaza mkono mmoja kwa chini. Usipoyajua haya utapata nguo iliyopakwa uchafu, na mtazamaji ataiona hivyo hata asipoweza kueleza kwa nini.

Anza kwa kufua kwa maji ya moto mara 3 hadi 5 ili kuondoa ugumu wa kiwandani. Kisha ipe nguo mwili. Ilowanishe, ivalishe sanamu la mshonaji, tia mawe mifukoni, funga kamba viwikoni na magotini ili mikunjo ijengeke, uiache ikauke hapo hapo. Baada ya hapo ingia na msasa: namba 80 kwa kingo na pindo, namba 120 au laini zaidi kwa maeneo mapana. Brashi ya waya hutoa nyuzi, na tupa, kile chuma chenye meno cha fundi, hula viwiko. Simama kila dakika chache, rudi nyuma hatua kadhaa, tazama. Nyuzi zikishakatika hazirudi.

Rangi ndiyo hufuata, kwa tabaka. Kwanza ufifishaji, yaani kuifanya nguo iwe nyepesi pale jua linapopiga. Pili uchafu, kwa rangi ya akriliki au ya kitambaa iliyotiwa maji, kiasi cha sehemu 1 kwa sehemu 10, ikipulizwa kwa chupa kutoka umbali wa nusu mita hadi mita moja. Tumia rangi 3 au zaidi, maana kahawia moja peke yake huonekana rangi tu. Iangalie ardhi ya mahali mtakapopigia picha. Vumbi jekundu kwenye buti za mtu anayetembea kwenye mchanga mweupe hulifanya vazi zima kuwa uongo. Tatu ni mafuta na jasho kwenye ukosi, mifuko na kwapa, na hapo gliserini kidogo hutoa unyevu unaodumu chini ya taa. Rangi ikikauka, ipige pasi juu ya kitambaa ili ishike. Vumbi la juu kabisa huongezwa kila asubuhi kwenye eneo la kazi, kwa kuwa hupukutika. Kazi hii ifanyike penye hewa nyingi, ukiwa na barakoa ya kuzuia vumbi na mvuke.

Uchafu uvuke mshono. Kosa linalojirudia ni doa linaloishia pale koti linapokutana na suruali, kana kwamba mtu huyo alivaa vipande viwili kutoka maisha mawili. Mvalishe sanamu vazi zima pamoja na mkanda, begi na viatu, kisha puliza vyote kwa pamoja.

Kuhusu dawa ya klorini: hufifisha pamba na kitani, lakini hula hariri na sufu mpaka ziyeyuke, hudhoofisha vitambaa vinavyonyumbuka, na poliesta haiifanyi kitu cha maana. Kusuuza kwa maji hakutoshi kuisimamisha, kwani inayobaki huendelea kula nyuzi taratibu hadi nguo ichanike mwilini mwa mwigizaji. Suuza, kisha loweka kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 10, ndipo usuuze tena. Usiiweke siki kamwe. Siki na klorini hutoa gesi yenye sumu.

Rangi za kuchovya nazo zina ndoa zake. Pamba na kitani hutaka rangi ya kundi linaloungana na nyuzi kwa msaada wa chumvi na soda ya kufulia. Sufu, hariri na nailoni hutaka rangi ya asidi, joto na siki. Sufu ipashwe moto polepole na ipozwe polepole, la sivyo husinyaa na kugandamana. Poliesta ina rangi zake na hudai maji yanayochemka. Hapa kuna mtego mmoja: shati la pamba la dukani mara nyingi limeshonwa kwa uzi wa poliesta. Ukilichovya, kitambaa kinabadilika na uzi unabaki mweupe, kila mshono ukionekana waziwazi. Ukishona mwenyewe tumia uzi wa pamba. Ukinunua, kaa na brashi ndogo uupake uzi. Na usihukumu rangi ikiwa mbichi, kwa sababu kitambaa kilicholowa huwa cheusi zaidi. Kausha kipande cha majaribio kwanza.

Nakala zote zichakazwe sambamba. Hatua ya kwanza kwa zote 12, halafu hatua ya pili kwa zote, badala ya kumaliza moja na kuanza nyingine. Ile bora kuliko zote itundikwe mbele yako iwe kipimo. Andika kila kichocheo: rangi gani, kiasi gani, dakika ngapi. Siku tatu kabla ya kumaliza picha mwongozaji ataomba nakala moja zaidi, na bila daftari hilo hutaipata.

Kisha lebo, ndani ya kila kipande, kwa kalamu isiyofutika: jina la mhusika, namba ya vazi, herufi ya nakala, hali yake. Viatu vyote viwili vipewe alama ile ile. Hata studio kubwa zimechanganya. Viatu vyekundu vya mhusika Dorothy katika filamu The Wizard of Oz ya mwaka 1939 vilitengenezwa jozi kadhaa, na baadhi zilibandikwa felti, kitambaa kizito laini, kwenye soli ili kupunguza mlio wa hatua. Jozi iliyoko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington, haijalingana. Jozi nyingine iliibwa mwaka 2005 huko Grand Rapids, Minnesota, ikapatikana 2018, na wahifadhi walipozilinganisha waligundua kwamba kiatu kinachokosekana kwa kila jozi kiko kwenye jozi ya pili.

Jukwaani hesabu hugeuka. Tamthilia ya muziki kule Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, huchezwa kwa kawaida mara 8 kwa wiki, na vazi lile lile hutoka jasho mara 8. Nakala za hapo ni kwa ajili ya kufua na kwa waigizaji wa akiba, ambao miili yao haifanani na ya mwenye nafasi. Acha ziada ya mshono ya sentimita 2.5 au zaidi ubavuni na mgongoni. Kwa mcheza dansi ongeza kiraka cha umbo la almasi chini ya kwapa, akiinua mkono koti zima lisipande naye. Vitambaa vya kunyonya jasho vinavyobanduliwa kwapani mwa vazi hufuliwa kila baada ya onyesho, na vazi lisilofulika hupulizwa kileo kikali kama vodka ili kuua vijidudu vya harufu.

Mabadiliko ya haraka yana kanuni moja ninayoishikilia: nguo isipite kichwani. Maikrofoni iko kwenye ukingo wa nywele, wigi limebanwa kwa pini, na kola inayopita hapo huvuruga vyote viwili. Vazi lifunguke nyuma au mbele kwa zipu nene au vifungo vikubwa vya kubonyeza, na vifungo vya kawaida vishonwe juu kama pambo tu. Velkro hufunga haraka lakini mlio wake husikika ukumbini muziki ukiwa chini, na hunasa nyuzi za soksi. Viatu vya kamba vitiwe lastiki badala ya kamba. Gauni lipangwe sakafuni likiwa duara wazi, viatu katikati. Mwigizaji anaingia, mvalishaji wa kwanza anapandisha, wa pili anafunga mgongo. Lijaribiwe gizani kwa saa ya kupima muda kabla ya mazoezi ya mwisho, na kila mkono ujue kazi yake.

Uchakazaji wa jukwaani nao hutaka nguvu zaidi, kwa kuwa mtu aliyeketi mita 20 haoni ukingo uliosuguliwa kwa msasa laini. Ongeza utofauti wa mwanga na giza, na ujaribu chini ya taa zenyewe: kijani chini ya taa nyekundu hugeuka karibu nyeusi.

Upigaji picha ukiisha, usifue chochote kilichochakazwa. Weka kila nakala kwenye mfuko wake pamoja na lebo, picha za mbele, nyuma na ubavu, na maelezo ya mikono ilikunjwa mara ngapi na kifungo kipi kilikuwa wazi. Vikae hivyo mpaka uhariri ukamilike, kwa sababu mwongozaji anaweza kurudi miezi kadhaa baadaye akitaka sekunde 4 za mkono unaofungua mlango, na mkono huo utahitaji shati lake.