Siku moja maishani mwangu: fundi wa maabara katika chuo cha uvuvi na sayansi ya bahari

Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika chuo kikuu kishiriki kinachofundisha uvuvi na sayansi ya bahari. Watu wakisikia hivyo hudhani kazi yangu ni kuosha chupa. Chupa naosha kweli, na naziosha vizuri, kwa sababu chupa chafu husema uongo na uongo wake huingia kwenye ripoti. Nimeulizwa mara nyingi siku yangu inakwendaje. Nimechagua siku ya Jumatano iliyopita na kuiandika ilivyokuwa.

Saa 10:45 alfajiri

Nyumba yangu imo ndani ya uwanja wa chuo, hivyo kabla sijafumbua macho nasikiliza pampu za hewa za jengo la kutotoleshea samaki. Zikinguruma, nanawa uso. Zikinyamaza, natoka mbio hata kama sijavaa viatu, maana tangi lililojaa vifaranga halisubiri.

Jumatano zilikuwa zinanguruma. Nikaenda kupima oksijeni. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huniuliza kwa nini nijisumbue gizani wakati kipimo kinaweza kuchukuliwa saa nne. Jibu liko kwenye mabwawa ya nje. Mchana mwani uliomo majini hutengeneza oksijeni kwa msaada wa jua. Usiku jua halipo, lakini mwani, samaki na bakteria wote wanaendelea kupumua. Kwa hiyo oksijeni hushuka usiku kucha na kufikia chini kabisa muda mfupi kabla ya mapambazuko. Anayepima saa nne asubuhi anapima bwawa lililokwisha kupona, na hajui kama saa chache nyuma samaki walikuwa juu ya maji wanahema. Napenda kipimo kisishuke chini ya miligramu 5 kwa lita. Bwawa la tatu lilikuwa na 4.1, nikawasha gurudumu la kurusha maji na kuandika daftarini.

Kisha nikavuna Artemia. Hawa ni wadudu wadogo wa maji ya chumvi, jamaa wa mbali wa kamba, na mayai yao makavu hukaa kwenye kopo kwa miaka bila kufa. Ukiyaloweka kwenye maji ya bahari yenye joto na hewa ya kutosha, baada ya siku moja hivi yanaanguliwa. Kazi ni kutenganisha walioanguliwa na maganda. Unazima hewa, unafunika sehemu ya juu ya chombo, unamulika taa chini. Maganda yanaelea, wadudu wanafuata mwanga, nawe unafungua bomba la chini na kuwatoa kama uji mwepesi wa rangi ya chungwa. Nimefanya hivi kwa miaka mingi na bado nainama kuwatazama wakishuka kuelekea kwenye taa.

Saa 12:20 asubuhi

Gatini, wanafunzi wanane, nahodha na mimi.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba mwanangu. Leo bamvua, mkondo utavuta kamba zenu. Ongezeni uzito."

Mwezi ulikuwa umetimia siku mbili nyuma. Kwenye vitabu bamvua ni mchoro wa jua, mwezi na dunia vikiwa kwenye mstari mmoja. Kwenye boti bamvua ni kamba inayolala upande badala ya kusimama wima, na kina unachodhani umefika ukawa hujafika. Nikaongeza vipande viwili vya risasi, vile vizito vya kuzamishia, kwenye kamba.

Tulianza na sahani ya Secchi, kipimo rahisi kuliko vyote na chenye heshima yake. Mwaka 1865 Angelo Secchi, padri na mwanafalaki wa Italia, alishusha sahani nyeupe katika bahari ya Mediterania akitazama inapotea katika kina gani. Mpaka leo tunafanya vilevile. Unaishusha hadi isionekane, unasoma kamba. Unaivuta polepole hadi ionekane tena, unasoma kamba. Unachukua wastani wa masomo hayo mawili. Mwanafunzi mmoja alisoma mara moja tu, ya kushuka, akaandika. Nikamwomba aishushe tena. Macho yanayoifuata sahani ikizama huendelea kuiona hata pale ambapo mtu mwingine asingeiona, kwa sababu yanajua ilipo. Ndiyo maana lazima uisubiri pia ikitokea gizani.

Baadaye zikaja chupa za Niskin. Chupa inashuka ikiwa wazi juu na chini, maji yakipita katikati yake. Ikifika kina unachotaka, unaachia kipande cha chuma kiteleze kwenye kamba hadi kigonge kifyatulio, vifuniko vijifunge. Chuma hicho tunakiita mjumbe. Ukishika kamba kwa vidole unausikia mgongano wake ukifika chini, mtetemo mdogo. Meli kubwa za utafiti hufunga chupa zao kwa amri ya kompyuta, na chuo kinacho kifaa kinachopima chumvi, joto na kina kwa mkupuo mmoja. Lakini nataka kila mwanafunzi ausikie mjumbe mkononi walau mara moja. Atakapoketi mbele ya skrini siku za usoni atajua kwamba namba ile ilitoka kwenye maji halisi, kwenye kina ambacho kuna mtu alihangaika kukifikia.

Maji ya kupimia oksijeni hayasubiri nchi kavu. Mbinu ni ile ya Lajos Winkler wa Hungaria, ya mwaka 1888, na bado ndiyo tunayotumia kusahihisha vipimo vya umeme. Unajaza chupa ndogo hadi imwagike, unatia chumvi ya manganisi, halafu iodidi iliyochanganywa na alkali. Kama oksijeni ipo, yanatokea mashapo ya kahawia. Kama haipo, mashapo yanabaki meupe. Kiputo kimoja cha hewa kikibaki shingoni, umeongeza oksijeni isiyotoka baharini. Binti mmoja aliniletea chupa yake huku akiificha shingo kwa kidole. Kiputo kilikuwepo. Sikumgombeza. Nilimpa chupa nyingine, na safari hii aliijaza taratibu, mpira ukigusa sakafu ya chupa, akainyanyua mwenyewe kwenye mwanga kabla sijamwambia.

Saa 4 asubuhi

Kurudi, kuosha vifaa vyote kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kutia formalini, dawa ya kuhifadhi, kwenye sampuli za planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, na boraksi kidogo ili tindikali isile magamba yao. Lebo ndani ya kila chupa, kwa penseli. Wino hutoweka.

Saa 5:15 asubuhi

Makasha mawili ya samaki kwenye barafu, na meza ndefu ya kupimia. Hapa ndipo kundi la pili linapojifunza kwamba urefu wa samaki si kitu kimoja. Kuna urefu hadi ncha ya mkia, kuna urefu hadi kwenye panda la mkia. Ukichanganya viwili hivi kwenye jedwali moja, samaki wako wamekua na kusinyaa bila kula wala kuugua. Ubao wetu wa kupimia umeandikwa kwa rangi nyekundu: HADI PANDA.

Kijana mmoja aliuliza swali zuri: kwa nini tujisumbue kupima samaki mmojammoja ilhali rekodi za mavuno ya boti zipo? Nikaacha kisu nikamweleza habari ya Newfoundland. Julai 1992 Kanada ilifunga uvuvi wa samaki Gadus morhua waliovuliwa huko kwa karne nyingi, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Sababu kubwa ilikuwa kuvua kupita kiasi, na miongoni mwa yaliyoficha hatari ni kwamba makadirio yaliegemea mno mavuno ya meli. Samaki wanapopungua wanaweza kuendelea kujikusanya mahali palepale, na meli zenye vifaa vizuri zinajua mahali hapo. Nyavu zinaendelea kujaa ilhali bahari inayozunguka imekwisha kuwa tupu. Ukitazama wavu peke yake utasema hali ni njema.

Alinyamaza, akarudi kupima. Baada ya hapo nilimwona akiinama kusoma rula kwa jicho lililo juu ya alama, si kwa pembeni.

Saa 8 mchana

Hii ndiyo saa ninayoipenda.

Ndani ya kichwa cha samaki mwenye mifupa kuna vijiwe vya masikio, jozi tatu, vinavyomsaidia kusikia na kujua juu na chini. Wataalamu huviita otolithi. (Papa na taa hawana vijiwe vya namna hii, umri wao tunautafuta kwenye pingili za uti wa mgongo.) Kijiwe hukua kwa tabaka maisha yote ya samaki, na katika aina nyingi tabaka hizo huonekana kama pete, ukanda mpana na ukanda mwembamba, mithili ya pete za mti. Unakikata chembamba, unakiweka chini ya hadubini, unahesabu.

Mwanafunzi wa mwaka wa nne ana vijiwe 240 kwa ajili ya tasnifu yake. Tunasoma kila kimoja mara mbili, mimi peke yangu na yeye peke yake, kisha tunalinganisha. Jumatano tulitofautiana kwa 31. Tatizo lilikuwa ukanda mmoja mwembamba, karibu na ukingo. Yeye anauhesabu mwaka. Mimi nauona kama pete ya uongo, alama ya msimu mgumu au ya samaki kuzaa.

"Mwalimu, samaki huyu ana sentimita 38. Hawezi kuwa na miaka minne tu."

"Urefu wake umeujuaje?"

Jedwali lilikuwa wazi pembeni ya hadubini. Alijua kosa lake kabla sijasema. Tunasoma vijiwe bila kuona urefu, kwa sababu anayejua urefu huona pete anazozitarajia. Nikafunika jedwali kwa karatasi, nikamwambia arudie vyote 31 kesho, kwa mpangilio mwingine, na mimi nitarudia vyangu.

Hakufurahi, na namwelewa. Mwaka mmoja wa zaidi au wa pungufu unaonekana kitu kidogo. Lakini yuko samaki wa kilindini, Hoplostethus atlanticus, aliyeanza kuvuliwa kwa wingi New Zealand mwishoni mwa miaka ya 1970. Hapo awali walidhani anaishi miaka 30 hivi. Vijiwe viliposomwa kwa vipande vyembamba, na umri kuthibitishwa kwa vipimo vya mionzi asilia, ikaonekana anaweza kupita miaka 100, na huanza kuzaa akiwa na zaidi ya miaka 20. Meli zilikuwa zikivuna kana kwamba samaki hao watarudi haraka. Walioondolewa miaka ile hawajarudishwa na miaka michache ya kupumzika, kwa sababu wajukuu zao wanahitaji muda wa maisha ya binadamu. Nikifikiria hilo siwezi kumwachia mwanafunzi ukanda mmoja kwa sababu amechoka au kwa sababu mimi nimechoka.

Saa 10:40 jioni

Nilikuwa naingiza namba kwenye kompyuta mlango ulipogongwa. Mvuvi, ameshika mfuko wa barafu.

"Hodi. Nimeambiwa samaki mwenye uzi wa njano analetwa hapa."

Nilisimama haraka hata kiti kikaanguka. Kati ya samaki tuliowafunga alama na kuwaachia, wanaorudi ni wachache sana. Nikasoma namba ya alama mara mbili, nikafungua daftari la kuachia. Siku 371. Na samaki huyu, kabla ya kuachiwa, alidungwa oksitetrasaiklini.

Maana yake ni hii: dawa hiyo hujipachika kwenye tabaka la kijiwe linalojengwa siku zile, na chini ya mwanga wa zambarau usioonekana kwa macho huwaka njano. Ukiona mstari wa njano, unajua tarehe yake. Kila kilichojengwa nje ya mstari ule, kwa samaki huyu, ni kazi ya siku 371. Ukanda tuliobishania mchana una jibu humo ndani.

Nilimuuliza mvuvi alimpata wapi, kwa chombo gani, kina gani. Alijibu kwa uhakika wa mtu anayejua mwamba wake. Nikamlipa zawadi ya alama, nikamsomea kutoka daftarini samaki alikuwa na urefu gani siku tulipomwachia. Akacheka, akasema amekula vizuri.

Nikampigia mwanafunzi wangu. Alifika akihema.

Saa 1:30 usiku

Tulitoa vijiwe sisi wawili, tukiwa tumezima taa kubwa, maana alama ya njano hufifia ikikaa kwenye mwanga. Tukavisafisha, tukavikausha, tukavilaza kwenye resini, utomvu unaoganda ukawa mgumu ili kijiwe kikatike chembamba. Resini haigandi kwa kuombwa. Haitakatika kabla ya kesho jioni. Yeye alitaka tujaribu kukitazama kizima chini ya mwanga ule, walau kidogo tu. Nilitaka pia. Lakini kijiwe ni kinene, na tungeona kila mtu kile anachokitaka.

"Samaki mmoja anatosha kuthibitisha?" aliuliza.

"Hatoshi. Ila ni wa kwanza."

Akaandika lebo kwa penseli: namba ya alama, tarehe ya kuachiwa, tarehe ya kukamatwa. Urefu hakuuandika. Nikafunika kibati kwa karatasi nyeusi, nikakiweka kabatini, nikafunga.

Kabla ya kulala nilipitia bwawa la tatu. Miligramu 7.2, gurudumu linazunguka. Nikaloweka mayai ya Artemia ya kesho.