Daftari Langu ni la Mchana

Siandiki usiku. Ikishaadhiniwa Isha daftari huingia kabatini, na ufunguo hukaa kwa wifi yangu. Wenzangu wanaopenda kuandika hunishangaa, maana wengi wao maneno huwajia nyumba ikishatulia. Mimi nina ugonjwa wa baipola, maradhi ya akili yanayompandisha mtu kwenye mania, yaani furaha na nguvu za kupita kiasi, kisha yakamshusha chini kwenye sonona, yaani huzuni nzito, na kwetu sisi usingizi ni tiba kama vidonge vilivyo tiba. Nikikesha, hata kwa jambo la kheri, akili huanza kwenda mbio, na ikishashika mbio hainisikilizi tena.

Wagonjwa wengi huambiwa: andika, shona, chora, utapata nafuu. Ni kweli, nami nimeipata, Alhamdulillahi. Wasiloambiwa ni kwamba kalamu ile ile inayokutuliza ukiwa chini inaweza kukuchochea ukiwa unapanda. Mtu aliyepanda haandiki ili atulie. Anaandika kwa sababu hawezi kunyamaza.

Ninalo kaunta buku la zamani ambalo silitupi. Kurasa za mwanzo mwandiko ni ule niliofunzwa skuli, mdogo, umekaa juu ya mstari. Baadaye herufi zinanenepa. Mistari inaachwa, maneno yanapanda pembeni, yanazunguka ukurasa, yanamalizikia kwenye jalada. Humo nimepanga kununua karafuu za Wete nzima, na ilhali kila Mpemba anajua karafuu huuzwa Shirika la serikali. Nimepanga kujenga skuli ya ushoni, nimewaandikia mawaziri barua, yote usiku mmoja. Kisha zinakuja kurasa tupu, nyingi. Kisha ukurasa wenye tarehe na neno moja: "Nimekoga." Asiyeijua sonona ataliona neno hilo si kitu. Mimi nakumbuka nilivyoitazama ndoo ya maji tangu asubuhi mpaka alasiri kabla sijaweza kuinyanyua.

Buku hilo ndilo lililomfungua macho daktari. Mara ya kwanza nilikwenda kutibiwa nikiwa chini, nikaeleza nililokuwa nalo wakati ule: sili, siamki, sitaki kuona mtu. Nikapewa dawa ya sonona peke yake. Habari ya kupanda hakuna aliyeniuliza, nami nisingejua kuitaja, kwani nani huenda hospitali kulalamikia furaha na nguvu? Dawa ya namna hiyo ikitolewa bila ya nyengine ya kuidhibiti hali, inaweza kumpandisha mwenye baipola. Mimi ilinipandisha, na nyumba nzima ilitaabika. Daktari wa pili alikaa na buku langu akilifunua taratibu, akinakili tarehe. Kwa hesabu zao, mania ni hali iliyodumu wiki moja au zaidi, na sonona ni wiki mbili au zaidi. Hesabu hiyo mimi kwa mdomo nisingeweza kumpa, kwa sababu nikiwa chini siamini kama niliwahi kuwa juu, na nikiwa juu nasahau kabisa kwamba kuna chini.

Tangu hapo naandika asubuhi, baada ya chai. Kwanza saa niliyolala, saa niliyoamka, dawa nimemeza au la. Kisha lolote lililo moyoni, lakini kurasa mbili zikijaa nafunga. Wifi yangu ana ruhusa ya kuutazama mwandiko bila ya kuyasoma maneno. Ruhusa hiyo nilimpa nikiwa na akili yangu timamu, nikaiandika na kutia saini. Akiniambia, "Wifi, leo herufi zako kubwa," basi simu na pesa zinahamia kwake na daktari anapigiwa. Nikiwa napanda huwa nabisha sana. Yeye hunifungulia ukurasa wa saini yangu, hanijibu zaidi ya hapo.

Bibi yangu naye alinitafutia tiba anayoijua. Nikaandikiwa kombe, yaani aya za Qurani, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji ya marashi, nikalinywa. Nililinywa kwa imani na sioni haya kulisema. Sheikh aliyeliandika aliniuliza kama nina dawa za hospitali. Nilipomwambia ninazo, akasema, "Mwanangu, usiziache. Dua na dawa havigombani." Mungu amzidishie. Wako wagonjwa wengi hapa kisiwani wanaolazimishwa wachague kimoja, na wakiacha vidonge ghafla hurudi walikotoka, pengine pabaya zaidi.

Ukiniuliza kati ya kuandika na kushona kipi kimenifaa zaidi, nitasema kushona. Kofia ya viua haikubali pupa. Ua limechorwa kwa penseli kwenye kitambaa cheupe. Unatoboa kitundu kwa sindano, unakizungushia uzi ukingoni mpaka kikae mviringo, halafu unakwenda cha pili, na kofia moja ina vitundu mamia. Ukikaza uzi kitambaa kinajikunja, ukilegeza kitundu kinazibika. Nikianza kupanda, mkono hujua kabla yangu: vitundu vinapanuka, nataka nirukie ua jengine hili halijesha. Nikiwa chini, kitundu kimoja kwa siku kinanitosha, na kesho yake nakikuta kama nilivyokiacha. Sishoni kwa oda wala kwa tarehe. Watu wameniletea pesa nikazikataa, kwa sababu oda ina mwisho wake, na mwisho huleta kukesha.

Msimu wa karafuu nako kuna faida yake. Jioni wanawake tunakaa jamvini tunachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Hakuna anayekuuliza mbona umenyamaza, kila mmoja ameinamia fungu lake. Siku ambazo siwezi kuzungumza, hapo huwa na watu bila ya kudaiwa maneno. Saa tatu ya usiku naaga, hata kama gunia bado.

Siku ya Baipola Duniani ni 30 Machi, siku aliyozaliwa mchoraji Vincent van Gogh mwaka 1853, ambaye wengi wanadhani alikuwa na ugonjwa huu. Watu hupenda kusema maradhi ndiyo yaliyompa kipaji. Neno hilo linanikera, kwa sababu limewafanya baadhi yetu tuogope dawa, tukidhani zitatunyang'anya kitu. Mwaka 1889 aliingia hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Ufaransa, akakaa humo mwaka mzima. Picha zake alizichora zaidi siku alizokuwa ametulia, na maradhi yakimpanda mara nyingi kazi ilisimama. Maisha yake yote aliandika, barua kwa ndugu yake Theo pekee ni zaidi ya 600, na bado alifariki Julai 1890 akiwa na miaka 37. Hakuwahi kuipata lithiamu, ambayo manufaa yake kwa mania yalitangazwa na daktari John Cade wa Australia mwaka 1949. Mimi nimezaliwa baada ya dawa kupatikana, na nazimeza nikijua hilo.

Sasa Ramadhani inakaribia, mwezi ninaoupenda na ninaouhofia. Tarawehe, daku, mitaa iko macho mpaka usiku wa manane, na usingizi unakatika vipande vipande. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, lakini hilo sitaki kuliamua peke yangu. Miadi yangu ni kabla ya mwezi kuandama, na maswali yako tayari kwenye daftari. Vidonge vya asubuhi na usiku, nivihamishie futari na daku, au kuna hatari? Nikifunga, nilale saa ngapi mchana kufidia? Jirani yangu anayetumia lithiamu, akikaa siku nzima bila ya maji kwenye joto hili, dawa haitamzidi damuni? Na wifi yangu, ambaye naye anafunga na anapika futari ya watu wote nyumbani, nani atamshika mkono mwezi mzima huo?