Mpira ulionipeleka kortini

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha iko Mutukula, upande wa Uganda. Kutwa ni Kiswahili: madereva wanaotoka bandari ya Dar, wauza chapati, hata Haji mwenye ofisi. Barua pepe za Kiingereza nilitupiwa mimi, eti kwa kuwa nilifaulu shuleni.

Basi mteja mmoja wa Uingereza, trekta lake limekwama kwa kukosa ankara, akaandika: "The ball is in your court." Mimi nikaona korti tu. "Haji, mzungu anatushtaki!" Haji akaiacha rolex yake, chapati ya mayai, nusu, akampigia wakili. Wakili alipomaliza kucheka akatueleza kuwa huo ni mpira wa tenisi: ukidondokea upande wako wa uwanja, zamu ya kupiga ni yako. Kumbe mtu alikuwa anasubiri jibu letu! Trekta lililala siku mbili zaidi.

Nikanunua kaunta buku. Mwanzoni nilitafsiri neno kwa neno, ujinga mtupu: "under the weather" nikaandika "chini ya hali ya hewa", kumbe mtu anaumwa kidogo tu. Ndipo nikaanza kutafuta msemo wetu wa kuuweka ubavuni. "Piece of cake", kumsukuma mlevi. "Spill the beans", kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Huo niliufurahia, wao maharage, sisi mtama. "Red tape" haukunisumbua. Zamani faili za serikali kule Uingereza zilifungwa kwa utepe mwekundu, na urasimu nani haujui hapa mpakani?

Ulioniponza ni "beat about the bush", yaani kuzungukazunguka bila kusema jambo lenyewe. Asili yake ni uwindaji, watu wanapiga vichaka ili ndege watoke. Nikaupa "kuzunguka mbuyu", na siku moja nikasoma kwa sauti: "Mteja anasema tuache kuzunguka mbuyu." Dereva wa Kitanzania akainamisha kichwa. Kwao kuzunguka mbuyu ni kutoa rushwa, na ofisa wa forodha alikuwa amesimama mlangoni na mhuri mkononi.

Haji akanivuta pembeni. "Mwanangu, mbuyu huo ung'oe kwenye daftari lako leo hii."

Nimeufuta kwa kalamu nyekundu. Sasa pale pameandikwa: sema moja kwa moja.

Juzi ikaja "hold your horses". Sikumkimbilia mtu. Nilitoka nje nikamwambia dereva azime injini, tunasubiri kwanza.